Siku Shangazi Alipomwazima Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilikwenda Tarime kumpeleka shangazi hospitali. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu mwenye kitambi na miwani, mtu anayeogopwa na shule nzima. Shangazi miguu imemkataa. Bajaji ilituacha getini, na kutoka pale hadi dirisha la mapokezi kuna kipande cha kupanda. Mdogo wangu si mtu wa kusubiri. Alichuchumaa palepale na suti yake, akasema, "Panda, shangazi." Shangazi akapanda. Tukaanza kukikwea kile kilima, mimi nyuma nimebeba viatu vya shangazi, na tulipofika kwenye foleni mzee mmoja akapaza sauti: "Jamani, mpisheni huyo aliyebeba! Apite mbele!"

Ndugu yangu, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Watu wakanitazama, huyu mama vipi, anacheka hospitali? Waliojua kinachonichekesha tulikuwa wawili tu, mimi na yule bibi aliyekuwa mgongoni. Ngoja nikusimulie, maana nimekaa na jambo hili tangu nina miaka tisa na sasa linaniwasha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kwetu Ringwani tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye mstari, nyumba zimepangwa sawasawa upande huu na huu wa barabara, kila jirani anajua mwenzake kapika nini. Kijiji kilikuwa kinajengewa zahanati. Lori likaleta mabati kutoka Tarime, na dereva akatangaza kwamba Ijumaa mchana linarudi tupu, na Jumapili atakuja na mzigo wa mwisho. Mwenye safari apande bure. Baba akasema sisi tunayo safari. Dada yake, yaani shangazi, ameolewa Tarime mjini na karani, na amekwishatuma salamu mara tatu kwamba hajamwona mtoto mpya.

Tarime! Wewe unayesoma umezoea miji, hutanielewa. Kwetu sisi Tarime ilikuwa na umeme, soda, mkate wa kukatwa, na watu waliovaa viatu siku ambayo si Jumapili. Nilikuwa sijawahi kufika. Dada yangu mkubwa naye alikuwa hajafika, na hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu mama alisema ataenda mmoja tu, yule atakayembeba mtoto. Kwetu msichana anayemlea mtoto huitwa omoreri, na ni cheo kabisa, siyo mchezo. Wote wawili tulikidai.

Mama akasema mtoto achague mwenyewe. Akamfunga mgongoni kwa dada. Mtoto akalia kama anachinjwa. Akamfunga mgongoni kwangu. Mtoto akatulia, akalaza shavu, akasinzia. "Basi," mama akasema, "Mwenyewe ameamua." Dada alilia siku nzima. Kitu ambacho mama hakukijua, na dada mpaka leo hakijui, ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimempaka mtoto asali mdomoni, nikajipaka nyingine shingoni. Alikuwa ananilamba. Mungu anisamehe, na dada naye akisoma hapa anisamehe, yalishapita.

Alhamisi jioni nilisuguliwa miguu kwa jiwe hadi ikauma. Mama alitumia kile kipande cha sabuni kilichobaki, kidogo kama kidole gumba, akaosha watu watatu. Tulifunga unga wa ulezi, samli kwenye kibuyu, na jogoo mmoja mwekundu mwenye hasira. Baba alitoa suruali yake ndefu sandukuni, akailaza chini ya mkeka ili inyooke. Mimi nilikuwa nazunguka tu nikijigonga kwenye vitu. Sikuweza hata kula.

Ndipo nikamsikia mama, akiwa anasonga ugali, anamwambia baba kwa sauti ya chini: "Dada yako akimwomba mtoto, utasema nini?"

Baba akaunyoosha mkeka juu ya suruali yake.

"Nakuuliza."

"Hajaomba," baba akasema.

"Ataomba. Miaka kumi na mitatu ameolewa, hana hata mmoja. Ataomba, na wewe huna mdomo wa kumkatalia."

Lazima nikueleze hapo. Kwetu ng'ombe aliooa nao kaka ni wale waliotolewa kwa ajili ya dada yake. Mama yangu aliingia pale nyumbani kwa ng'ombe wa shangazi, kila mtu alijua. Kwa hiyo dada akija siku moja akasema, kaka, sina mtoto, nipe mmoja nimlee, kaka hamkatalii kirahisi. Watoto wengi wamelelewa hivyo na wamekua vizuri tu. Lakini mama alipiga mwiko kwenye sufuria, akasema, "Huyu simwachi." Na mimi nikaganda pale mlangoni, kwa sababu nilikuwa najiona huyu mtoto ni wangu kuliko alivyo wa mama.

Ijumaa tukapanda lori. Mama na mtoto mbele na dereva, mimi na baba na jogoo nyuma. Baba alisimama ameshika bomba, tai inapepea, amesahau kabisa kwamba ni mtu mzima, anaimba. Lori tupu linaruka, ndugu yangu! Kila shimo tulikuwa hewani, jogoo analalamika, mimi nacheka, vumbi limenijaa meno. Tulipovuka Mto Mara baba aliniinua nione maji, mengi na mekundu. Kisha barabara ikaanza kupanda, hewa ikawa ya baridi, migomba ikaongezeka na mashamba ya kahawa, na jua lilipokuwa linazama nikaziona taa za Tarime. Nilisahau habari za mama na mwiko wake.

Tuliposhuka mama alinifunga mtoto mgongoni, na mara shangazi akatoka nje mbio na kandambili mguu mmoja. Hakusalimia mtu. Nilianza "Shikamoo shangazi," lakini alikuwa ameshafungua fundo la khanga mgongoni kwangu, ameshamchukua mtoto, ameshamnusa kichwani. Ndipo akasema "Marahaba," huku anamtazama mtoto, si mimi. Nikamwona mama anamtazama yeye.

Usiku ule tulikula sato wa mchuzi wa nyanya na wali. Sisi watu wa huku nyikani samaki mbichi tulikuwa tunamsikia tu, na mwiba ulinikaa kooni nikakataa kusema nisije nikanyang'anywa sahani. Mume wa shangazi, mtu mpole wa magazeti, alinifungulia redio nisikilize. Shangazi hakula vizuri. Alikuwa amempakata mtoto, anamlisha wali kwa vidole, na kila mama aliponyoosha mikono kumchukua alisema, "Mwache wifi, pumzika, umetoka mbali."

Jumamosi niliamshwa na harufu ya vitumbua. Mke wa fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Pwani mwenye maneno mengi na roho safi, alikuwa anavipika uani. Mara akaviacha motoni akaja mbio.

"Hodi! Shoga, amka! Khanga zimeingia duka la ushirika! Na sabuni! Watu wamepanga mawe toka alfajiri!"

Miaka ile, mtu hakwenda dukani kununua, alikwenda kupanga foleni. Usipoweza kusimama uliweka jiwe lako, au kikapu, au kiatu kibovu, na watu waliliheshimu jiwe lako kama wewe mwenyewe. Shangazi akaanza kusikitika kwamba amechelewa, khanga zitaisha. Mke wa fundi akamtazama mdogo wangu aliyekuwa anatafuna kitumbua kwa meno mawili. Akapiga makofi.

"Kuchelewa kitu gani, na mtoto huyu hapa! Mwenye mtoto mgongoni hapangi foleni, anapitishwa mbele. Amri ya balozi wa nyumba kumi. Wifi yako atuazime mtoto, tunaingia na kutoka!"

Mama alicheka, lakini cheko la juujuu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema.

"Ah, hii si nguo," mke wa fundi akajibu, "na matako yetu yote ni mazito, yataka kusitiriwa!"

Hata baba alicheka. Basi mama akakosa namna ya kukataa. Alimfunga mtoto mgongoni kwa shangazi kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo, akalikaza tena. Shangazi alisimama wima kabisa wakati anafungwa. Kisha akapiga hatua mbili tatu uani, akijitikisa taratibu hivi, kama akina mama wanavyojitikisa, na wakaondoka.

Mimi nikabaki naosha vyombo kwa hasira. Omoreri gani asiye na mtoto?

Baada ya kama saa mbili mke wa fundi akarudi. Kichwani ana khanga, kwapani sabuni, za kwake na za shangazi. Yuko peke yake.

"Wifi yuko wapi?" mama akauliza.

"Hajafika? Tulimaliza zamani! Tulipitishwa kama wakubwa. Mimi nilibaki kuongea na watu, yeye akanipa mzigo wake, akasema anatangulia."

Sijawahi kuona uso wa mama vile. Alitazama barabarani, akamtazama baba, na baba akatazama viatu vyake. Mimi nilisikia lile la Alhamisi jioni wazi kabisa: simwachi. Mama akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji wa ulezi kimefunikwa kwa kisahani.

"Kimbia," akaniambia. "Mtoto ana njaa sasa hivi. Mtafute shangazi yako, mwambie mama anamtaka mtoto wake. Sema hivyohivyo."

Nikakimbia. Mtoto wa Ringwani, katikati ya Tarime, siku ya soko, na kikombe cha uji! Nilipita kwenye vitambaa na ndizi na matenga ya dagaa, nikitazama migongo ya wanawake. Sokoni kulikuwa na migongo mingi. Duka la ushirika nikakuta khanga zimekwisha na watu wanatawanyika. Fundi viatu mmoja akaniambia, "Yule mwenye mtoto anayecheka ovyo? Ameelekea foleni ya sukari." Nikafika kwenye sukari. Muuzaji akasema, "Amepita hapa. Tulimpitisha mbele, akafika dirishani akasema amebadili mawazo. Hakununua kitu. Nafikiri ameenda kwenye mafuta ya taa." Nilishangaa. Shangazi alikuwa na umeme nyumbani, mafuta ya taa ya nini?

Sauti ya mdogo wangu niliisikia kabla sijaiona foleni. Alikuwa analia kile kilio chake cha njaa ambacho huko kwetu kilikuwa kinasikika nyumba sita. Shangazi alikuwa mbele kabisa, karibu na pipa, hana debe, hana chupa, hana kitu. Amemtoa mtoto mgongoni, anambembeleza, na wanawake wameanza kumgeukia.

"Mama, mnyonyeshe basi!" mmoja akasema. "Mtoto ana njaa huyo."

Shangazi akambembeleza zaidi. Mtoto akazidi.

"Mbona hamnyonyeshi?" akasema mwingine, sasa sauti imebadilika. "Au si wako?"

Mgambo akasogea na rungu lake. "Eh, mama. Siku hizi mmeanza kuazimana watoto ili mruke foleni, tumeshawajua. Huyu ni wako? Mnyonyeshe tuone."

Shangazi alikuwa amesimama na yule mtoto anayemrukia kifuani, anapekuapekua blauzi yake akitafuta, na hakuna cha kupata. Akainua macho kama mtu anayetafuta pa kukimbilia, ndipo akaniona.

Nilitumwa neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni: mama anamtaka mtoto wake. Na nilikuwa na hasira naye, nisikudanganye, nilikuwa nimekimbia mji mzima. Lakini niliona macho yake hayabanduki kwangu. Shangazi, mtu mzima, mke wa karani, alikuwa ananiogopa mimi.

Nikapita katikati ya watu na kikombe changu.

"Mama," nikasema kwa sauti, wote wasikie, "nimeleta uji wa mtoto. Samahani nimechelewa."

"Aaa!" wakasema wanawake. "Kumbe ana uji. Maskini, maziwa yamekauka. Pole, mama. Kaa hapa, mama, mlishe." Mgambo mwenyewe akavuta debe tupu akamkalisha. Shangazi akamlisha mtoto, kikombe kinagonga meno yake mawili, uji unamwagika hadi kwenye viatu, na machozi yanamtoka waziwazi. Wanawake wakadhani analilia maziwa yaliyokauka. Wakamsimulia dawa za kurudisha maziwa, kila mmoja na yake. Ilipofika zamu yake ya kuuziwa, muuzaji akasema, "Debe liko wapi, mama?" Akajibu, "Nimesahau nyumbani." Wakacheka wote, naye akacheka.

Tulirudi nimembeba mimi. Njiani alinishika mkono. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Tangu asubuhi wananiita mama," akasema. "Mama pita, mama karibu, mama mtoto anaitwa nani. Nikaona nipite foleni moja tu tena."

Nilikuwa na miaka tisa. Nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Mama alikuwa mlangoni, khanga ameifunga kiunoni kama anayekwenda kupigana. "Mlikuwa wapi?"

"Foleni ilikuwa ndefu, mama," nikasema. Huo ukawa uongo wa pili kwa siku moja, ukiacha ule wa asali.

Mchana ule tuliletewa soda na baba akatupeleka kwa mpiga picha, ila nakiri mama hakumweka mtoto chini tena. Jumapili aliamka akamfunga mgongoni kabla ya chai. Lori lilipopiga honi, watu wazima wote wakawa wanasubiri jambo moja bila kulitaja. Shangazi akatoka ndani na ile doti ya khanga mpya. Akamtazama baba.

"Kaka, nilikuwa nimekusudia kuomba kitu."

Baba akalitazama lori. Mama akalishika fundo kifuani.

"Lakini nimeshapata," shangazi akasema. Akaichana ile doti katikati, kipande kimoja akamfunika mtoto mgongoni kwa mama, kipande kingine akajifunga mwenyewe. "Nendeni salama. Mleteni tena akijua kutembea."

Mama alilia kwenye lori, mbele, pamoja na dereva. Usiku ule nyumbani, na miaka mingi baadaye, aliuliza, "Hivi shangazi yenu alipata nini?" Nilijua, na sikusema. Mama alikufa bila kuambiwa. Baba naye. Nyumba za mstari kule Ringwani watu walizihama wakarudi kwenye mashamba yao, na duka la ushirika sasa wanauza simu na kuweka muziki wa kelele. Hakuna tena anayeweka jiwe likamshikia nafasi. Ukiweka jiwe leo, wataliruka, au watalibeba wakajengee. Siisifii njaa ile na shida ya sabuni, hapana. Lakini ilikuwepo heshima fulani kwa mwenye mtoto mgongoni, na mtu asiye naye angeweza kuiazima Jumamosi moja na kushiba. Shangazi hakuzaa. Ile nguo ya kuazima, mama alikosea, ilimsitiri.

Basi tukafika dirishani, pale hospitali, mdogo wangu anahema na suti yake. Muuguzi, binti mdogo, akatoa kalamu. "Bibi huyu ni nani wako?"

Mdogo wangu akafungua mdomo aseme ukweli. Nikamkanyaga mguu.

"Ni mama yake," nikasema. "Andika mama."

Mdogo wangu akanigeukia na miwani yake, haelewi. Muuguzi akaandika. Na shangazi, kidevu kimelala begani kwa yule mtoto, akafungua jicho moja, akanitazama, akaninong'oneza:

"Na uji, umeleta?"